Ruzizi Unaingia au Unatoka? Masomo ya Uzamili ya Tafsiri kwa Vijana wa Uvira



Mwishoni mwa Aprili 1858, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Swali lililowaleta lilikuwa moja: mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, basi huenda Ziwa Tanganyika ndilo chanzo cha Nile, na sifa ya ugunduzi ni yao, ikiwa kuna ugunduzi wa kitu ambacho wenyeji wanateka maji yake kila asubuhi. Mwezi mmoja kabla, Speke alikuwa amevuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba jahazi mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim. Alirudi bila jahazi, lakini na habari tamu: mzee amesema kuna mto mkubwa unaotoka ziwani upande wa kaskazini. Hapa Uvira habari hiyo ikafa. Wana watatu wa Sultani Maruta walipoulizwa, wao na kila aliyekuwapo walijibu kwamba Ruzizi unaingia. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wa Speke, aliposema kwamba Speke hakuwa amemwelewa Hamid: mzee aliutaja mto unaoingia, wala hakusema unatoka.

Tuufuate mnyororo wa maneno yale. Bombay alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, na huko ndiko alikojifunza Kihindustani. Speke naye alikuwa amekijua Kihindustani katika utumishi wake wa jeshi India. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yao wawili. Swali lilizaliwa kichwani mwa Mwingereza, likavaa Kihindustani kisicho lugha ya mama ya yeyote kati yao, likahamia katika lugha za biashara za ziwa hili, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Habari hizi tunazo kwa kalamu ya Burton, ambaye baadaye aligombana vikali na Speke, kwa hiyo shahidi huyu asisikilizwe bila tahadhari. Lakini hata tukimpunguzia nusu ya maneno yake, jambo lenyewe linabaki: jibu sahihi lilikuwa linajulikana na kila mtoto wa ufukwe huu, na bado halikuvuka. Kilichochekesha zaidi ni kwamba mwaka 1864, katika ugomvi wao, Burton mwenyewe alisahau aliyoyasikia Uvira na kudai kwamba huenda Ruzizi unatoka. Ilibidi Livingstone na Stanley wafike mdomoni mwa mto huo Novemba 1871 na kutazama maji kwa macho yao ndipo shauri likaisha. Miaka 13 ilipita juu ya swali ambalo mvuvi wa Kavimvira angelijibu bila kuacha kushona wavu wake.

Mnyororo ule haukuwa na uhaba wa lugha. Kila aliyekuwa ndani yake alijua mbili, tatu, au zaidi. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuuliza tena, anayeweza kusema, “Bwana, hapa sikuelewa vizuri, ngoja nimrudie mzee,” na ambaye neno likipotoka ataitwa kulijibu. Hoja yangu leo ni hiyo. Wingi wa lugha si ufundi wa tafsiri, na masomo ya uzamili ya tafsiri na ukalimani yana thamani kwa kijana wa Uvira kwa sababu yanamfundisha kuwajibika kwa maneno ya mtu mwingine. Lugha yenyewe anayo tayari, pengine kuliko mwalimu wake. Naongeza sharti moja ambalo baadhi ya wasomi wetu hawatalipenda: masomo hayo yatafaa hapa ikiwa yatajengwa juu ya lugha za hapa. Yakiletwa mazima kutoka Ulaya pamoja na jozi zake za Kifaransa na Kiingereza, yatatuzalishia wahamiaji.

Pingamizi la kwanza nalijua, maana husemwa kwa fahari: sisi sote ni wakalimani. Ni kweli kwamba sokoni Uvira, katika hatua chache, sikio hupita Kiswahili, Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kirundi, Kinyamulenge, Mashi ya waliotelemka kutoka Walungu, Lingala ya askari na ya muziki, na Kifaransa cha mwenye bahasha mkononi. Mtoto wa hapa huongea na bibi yake lugha moja, na jirani nyingine, na mwalimu ya tatu. Lakini angalieni uwezo huo unavyotumika pale penye hatari. Muuguzi anauliza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa cha shule ya uuguzi. Mgonjwa ni mwanamke mzee aliyeshuka kutoka milima ya Lemera, Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Katikati amesimama mjukuu wa miaka 11. Mjukuu huyo ana lugha zote mbili kwa ukamilifu. Hata hivyo maswali ya uzazi hatayauliza kwa sababu ya heshima, maumivu atayapunguza kwa sababu ya huruma, na kipimo cha dawa atakikumbuka kama atakavyoweza. Marekani, ambako watu wengi wa Fizi na Uvira wamepelekwa kuishi baada ya miaka ya ukimbizi, kanuni za afya za mwaka 2016 zilikataza hospitali kumtegemea mtoto kuwa mkalimani isipokuwa katika dharura. Kanuni hiyo haikutungwa kwa sababu watoto hawajui lugha. Mtoto hawezi kubeba lawama, na mahali ambapo kila mtu hutafsiri, lawama haina mwenyewe.

Basi ni nini hasa kinachofundishwa katika ngazi ya uzamili, ambacho mtu hakipati katika lisansi ya Kiingereza na Utamaduni wa Kiafrika, au ya Kifaransa na Lugha za Kiafrika, kama wanavyosoma vijana wetu katika vyuo vya ualimu, vile tunavyoviita ISP? Vyuo hivyo vinatoa walimu, na ni kazi njema. Mwalimu wa lugha huelekeza macho kwenye kosa la mwanafunzi. Mfasiri hana mwanafunzi. Ana matini iliyoandikwa na mtu asiyekuwapo, kwa ajili ya msomaji ambaye hawezi kuihakiki. Msomaji huyo yuko mikononi mwake kabisa. Kwa hiyo mafunzo makini hayaanzi na nadharia, ingawa nadharia zipo na ni nzuri. Danica Seleskovitch wa Paris alishikilia kwamba mkalimani hubeba maana na kuyaacha maneno yadondoke. Hans Vermeer wa Ujerumani alifundisha kwamba tafsiri hupimwa kwa kazi iliyokusudiwa kufanya. Kwa Kiswahili tunacho kitabu cha Mwansoko na wenzake wa Dar es Salaam, Kitangulizi cha Tafsiri, kilicholelewa katika mazingira ya Kiingereza na Kiswahili. Vyote visomwe. Lakini uti wa mgongo wa shahada hii ni zoezi moja gumu: kutafsiri matini ndefu na kuiandikia ufafanuzi, ukurasa kwa ukurasa, ukieleza ulichochagua, ulichokiacha, kwa nini, na ni nani atakayeumia ikiwa umekosea. Kwa upande wa ukalimani, mwanafunzi husikiliza hotuba ya dakika kadhaa huku akiandika alama chache, kisha huitoa yote; hurekodiwa, hurudishiwa sauti yake, na huambiwa mbele ya wenzake pale alipoongeza cha kwake. Ni somo la kuvunja kiburi, na wenye lugha nyingi ndio wanaolihitaji zaidi.

Mfano wa zoezi kama hilo uko ndani ya Kongo yenyewe. Mwaka 1965, katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, sasa Lubumbashi, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa kijitabu cha historia ya mji wao, kimeandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha kila siku cha Katanga. Hakikufuata tahajia yoyote ya shuleni. Hata mipaka ya maneno ilikuwa shida kuitambua. Johannes Fabian alipotaka kukitafsiri kwa Kiingereza, kazi iliyotoka 1990, alimwomba Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili hicho, akisome kwa sauti, kwa sababu maandishi yale yalifunguka kwa sikio kabla ya jicho. Mwanaisimu Walter Schicho akaongeza maelezo ya lugha. Tafsiri ikachapishwa pamoja na matini asilia na mashaka ya watafsiri wake, yamewekwa wazi. Mimi naiona kazi hiyo kuwa kielelezo bora kwa mwanafunzi wa Uvira kuliko tafsiri nyingi laini zinazosifiwa, maana inaonyesha mtu anayejua mahali ujuzi wake unapokoma na anayethubutu kupaandika.

Hapo tunagusa pingamizi la pili, nalo hutoka kwa watu wawili wanaopingana. Mmoja husema: Kifaransa kinatosha, ndicho lugha rasmi. Mwingine husema: Kiswahili sanifu kinatosha, hicho cha kwetu ni cha barabarani. Wa kwanza nitamjibu kwa Katiba ya 18 Februari 2006. Ibara ya 1 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Ibara ya 18 inaamuru kwamba aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa. Haikusema katika lugha rasmi. Na jinsi neno “kuelewa” lilivyo zito, Wakongo wenzetu walilifikisha mbele ya dunia. Germain Katanga wa Ituri, aliposhtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, aliomba Lingala, na Kitengo cha Awali kilikataa kwa hoja kwamba Kifaransa anakijua. Tarehe 27 Mei 2008, Kitengo cha Rufaa kilitengua uamuzi huo. Kilisema kwamba Mkataba wa Roma, ulioianzisha mahakama hiyo, unataka lugha ambayo mshtakiwa anaielewa na kuizungumza kikamilifu, na kipimo hicho ni cha juu kuliko kuweza tu kufuata mazungumzo. Sasa kirudisheni kipimo hicho kwenye ufukwe wetu. Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka kumhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kwa ubakaji uliofanywa na askari mjini Fizi siku ya mwaka mpya, na ikampa miaka 20. Hukumu kama hizo huandikwa kwa Kifaransa. Wanawake waliosimama kutoa ushahidi wanatoka katika nchi ya Wabembe. Njia kati ya kinywa cha shahidi na daftari la karani ndiyo mahali haki inapoishi au kufia, nami sijaona hapa Uvira shule inayomwandaa mtu wa kusimama njiani hapo.

Wa pili, yule wa Kiswahili sanifu, anastahili jibu refu zaidi kwa sababu ana sehemu ya ukweli. Pasipo sanifu, kijana wetu hawezi kuandikia Arusha, makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wala kusahihisha hati ya Dar es Salaam, na wala hatasomeka nje ya jimbo lake. Sanifu aijue, aijue barabara. Lakini kazi ya mkalimani huanza masikioni, na masikio ya watu wa Kivu yana Kiswahili chao. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa 1 Agosti 2018 na kumalizwa 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 waliandikishwa na 2,287 wakafa. Agosti 2019 ugonjwa ulifika hadi Mwenga, katika jimbo letu. Shirika la Translators without Borders lilifanya utafiti Beni na Goma, likakuta kwamba ujumbe mwingi wa Kifaransa na wa Kiswahili cha vitabuni haukuwa ukieleweka vizuri kwa watu waliokusudiwa. Mabango yalikuwa sahihi kisarufi. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, mradi wa kimataifa wa tafsiri ulioitwa TICO-19 ulikitenga Kiswahili cha Kongo peke yake, kando ya Kiswahili cha Afrika Mashariki, na kukitafsiria habari za ugonjwa. Hatua hiyo huenda ikawaudhi baadhi ya wapenzi wa umoja wa lugha. Mimi siioni kuwa mgawanyiko. Mtu wa Uvira anayekohoa ana haki ya kuambiwa kwa maneno anayoyatumia kukohoa, na kesho mtoto wake atajifunza sanifu darasani bila kupungukiwa kitu. Uvira hapa ina sababu yake ya kusikiliza: kipindupindu kimekuwa mkazi wa mji huu kwa miongo, na kila msimu kuna mtu anayeandika tangazo la maji.

Pingamizi la tatu ndilo linalowauma wazazi, nalo ni la mkate. Miaka miwili ya masomo, ada, pango la nyumba Nairobi, halafu kazi iko wapi? Kazi za lugha mashariki mwa Kongo zimekuwa za wageni wanaokuja na kuondoka. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, kilipokuwa Kivu Kusini, kikiwa na askari wa Pakistani ambao wengi hawakujua Kifaransa wala Kiswahili, vijana wetu waliajiriwa kuwa wasaidizi wa lugha na, tangu 2010, wasaidizi wa mahusiano na raia. Walipita nao milimani, wakabeba habari za usalama na malalamiko ya vijiji. Juni 2024 MONUSCO ilifunga shughuli zake katika jimbo, na ajira hiyo ikafungwa nayo. Mzazi ana haki ya kuogopa. Lakini hebu atazame kwamba walioachwa na kazi hiyo walibaki na uzoefu ambao hakuna chuo cha kuupima wala cheti cha kuusema, na mwajiri anayefuata huwaanzia upya kana kwamba wametoka shuleni jana. Pengo hilo shahada ingeliziba. Na ajira nyingine hazitegemei ndege za wageni. Kongo ilitia saini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 8 Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili 11 Julai mwaka huohuo. Mkataba wa Jumuiya uliandikwa kwa Kiingereza, na Ibara yake ya 137 inakitaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Nchi inayosema Kifaransa imeingia katika nyumba inayosema Kiingereza, na lugha iliyokuwa tayari imelala pande zote mbili za ukuta ni hii tunayoisema hapa. Mpaka wa Kavimvira na Gatumba una ushuru, mizigo, fomu na magomvi kila siku. Umoja wa Afrika nao ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi Februari 2022.

Hata hivyo, ajira kubwa kuliko zote imefichwa katika Katiba yetu, na nashangaa kwamba haitajwi. Ibara ya 142 inaiamuru Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa katika muda wa siku 60 tangu kutangazwa. Siku 60! Fikirini ni wafasiri wangapi wa sheria wanaohitajika ili amri hiyo itimizwe kwa Kiswahili peke yake, kwa sheria za kodi, za madini, za ardhi, za familia. Atakayekwenda katika ofisi za teritwari zetu kutafuta sheria hizo kwa Kiswahili atachoka kabla ya kuzipata. Mtu ataniambia kwamba Serikali haina nia wala fedha. Labda. Lakini Serikali ikiamka na nia kesho asubuhi, itamkabidhi nani kazi hiyo? Nia isiyo na mafundi hubaki ibara. Na wakili au shirika la haki litakalotaka kuibana Serikali kwa ibara hiyo litahitaji kuonyesha kwamba kazi inawezekana, kwa sheria moja iliyotafsiriwa vizuri na kutiwa ufafanuzi.

Mashine nazo zimetajwa katika kila ukumbi siku hizi, na sitazikwepa. Kiswahili kiliingia katika programu ya tafsiri ya Google mwaka 2009, na Kirundi kikaongezwa 2024 pamoja na lugha nyingine zaidi ya mia moja. Kifuliiru, Kivira na Kibembe hazikuwamo katika nyongeza hiyo. Mfasiri anayezikataa mashine hizi atashindwa na wenzake wanaozitumia, na shahada yoyote ya leo isiyofundisha kuzitumia, kuzisahihisha na kuzihifadhia istilahi ni shahada ya zamani. Lakini zinaongeza uzito wa hoja yangu. Mashine hujibu kwa sauti ileile pale inapojua na pale inapobahatisha. Hairudi kwa mzee kumuuliza tena. Kadiri maandishi mepesi yanavyokwenda mashineni, ndivyo binadamu anavyobakiziwa yale ambayo kosa lake lina gharama: kiapo, dawa, mpaka wa shamba. Tena mashine hulishwa na tafsiri za watu. Lugha isiyo na wafasiri waliofunzwa italishwa takataka, na itarudishiwa takataka hizo zimenyooshwa vizuri.

Kwa sasa aliye tayari ana njia chache. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha tafsiri na ukalimani chenye shahada za uzamili, nacho kimo katika ushirika wa vyuo vya Afrika uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa na Umoja wa Ulaya. Buea, nchini Kamerun, kuna shule ya juu ya watafsiri na wakalimani iliyoanza miaka ya 1980, nayo husimama juu ya Kifaransa na Kiingereza. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambako tasnifu huandikwa kwa Kiswahili bila mtu kuona ajabu. Nawashauri vijana waende, hasa Nairobi na Dar es Salaam, na wala siwalaumu watakaobaki huko. Mtu akipata mkate halali si msaliti. Ila wachache wakirudi waanze kitu hapa, katika mfumo huu wa LMD (lisansi, masta, doktora) ambao Kongo imeingia na ambao unatambua masta ya miaka miwili. Lango lake liwe Kiswahili. Mwanafunzi achukue Kiswahili na Kifaransa kwa lazima, kisha lugha moja ya ufukwe au ya mlima, kisha Kiingereza cha kusomea hati za Jumuiya. Aapishwe mapema kuhusu usiri na kutopendelea. Katika bonde la Ruzizi, ambako ugomvi wa ardhi na wa usultani umeshawatenga majirani, swali la kwanza kwa mkalimani huwa yeye ni mtu wa nani. Kiapo hakifuti ukoo. Kinaupa kila upande kitu cha kumshikia akipotosha, na rekodi ya kikao ni kitu cha pili.

Kuna atakayeuliza ni nani atakayesahihisha tasnifu yenye Kifuliiru ndani yake. Sarufi ya lugha hiyo ipo, juzuu mbili za Roger na Karen Van Otterloo zilizotoka 2011. Wasemaji wapo mamia ya maelfu. Kinachokosekana ni ujasiri wa jopo kumkalisha profesa wa isimu pembeni ya mtumiaji halisi wa tafsiri, yaani karani wa mahakama, muuguzi, au mwami na washauri wake, na kumpa mtumiaji huyo alama za kutoa. Asipoielewa matini, mwanafunzi arudi kazini, hata kama nadharia yake imenyooka.

Kama ningeombwa kuchagua tasnifu ya kwanza, ningeichagua sheria ya ardhi, ile ya 20 Julai 1973 yenye nambari 73-021, iliyorekebishwa 1980, iliyokuwa kwa miongo msingi wa kila hati na kila kesi ya shamba. Si kwa sababu ni nyepesi. Ibara yake ya 387 ilizifanya ardhi za jamii za wenyeji kuwa mali ya Serikali, na ile ya 389 ilisema haki za kimila juu ya ardhi hizo zingewekwa na amri ya Rais. Miongo ilipita na amri hiyo haikutoka. Mfasiri wa Uvira atakapofika hapo atakutana na shimo, na juu ya shimo hilo wamesimama wakulima wa Sange, Luvungi na Kamanyola, wafugaji wao, na masultani wao. Atashawishika kuliziba kwa neno laini la Kiswahili ili msomaji apite bila kujikwaa. Kazi yake itakuwa kuliacha wazi vilevile, kisha kuandika katika ufafanuzi wake, kwa lugha ambayo mkulima ataielewa, kwamba hapa sheria iliahidi na haikutimiza, na kwamba ahadi hiyo ina tarehe.